Maandishi ya Chini

Filamu ilikuwa ya Kimalayalam, lugha
ambayo hakuna aijuaye huku Langoni,
na maandishi yake ya chini yalikuwa ya Kiingereza,
kwa hiyo mimi, mwalimu wa darasa la sita,
nikaketishwa kwenye kigoda kando ya runinga
niwasomee wenzangu kwa Kiswahili.
Saa mbili na dakika kumi na sita nilikuwa mdomo
wa polisi, wa mjane, wa daktari wa vichaa,
na koo lilinikauka kabla ya maiti ya pili.

Ilipokwisha, Bi Somoe hakungoja hata taa iwashwe.
"Ni mke," akasema. "Mwenye msiba hapiki samaki
siku ya tatu, akaonja chumvi mara mbili."
"Alimpikia mtoto," akasema Kupi, fundi simu.
"Wewe pale ulisinzia."
"Nisinzie mimi! Mimi niliyehesabu vikombe?
Vilikuwa vitatu mezani, na waliokunywa ni wawili."
Na kweli, hakuna mwingine aliyeviona vile vikombe.

Lali alitaka arudishiwe shilingi zake hamsini.
Mvua tupu, alisema, mvua na mtu kutazama ukuta;
muuaji wa kweli hukimbia, haketi akajisemea.
Mwanajabu alimpenda inspekta
kwa vile anavyong'ata kucha: "Yule ana deni mahali."
Shekuwe alisema ni daktari. Alikuwa akisema daktari
tangu dakika ya kumi, na alipokumbushwa kwamba daktari
ndiye aliyezikwa, akasema, "Hata hivyo."

Kisha wakamfikia jirani,
yule mama wa ng'ambo ya kisima
mwenye dirisha la buluu, aliyehojiwa mara tatu,
na mara ya tatu akajibu kwa ufupi
huku akikunja shuka.
"Masikini, yule hakuona," akasema Bi Somoe.
"Si amesema mwenyewe? Nililala, sikuona kitu."
"Angeona angesema," akasema Kupi. "Macho hayana pazia."
Wakakubaliana, kwa mara ya kwanza usiku ule,
kwamba filamu nzima ina mtu mmoja safi.

Maandishi hayakusema hivyo.
Yalisema: Niliona. Nikafunga dirisha. Nikalala.
Yalikaa pale chini kama sekunde nne, meupe,
nami cheti changu cha Kiingereza kiko ukutani, na fremu.

Dirisha langu linatazama uchochoro,
na ng'ambo ya uchochoro kuna ngazi za mawe
ambako, Rajabu iliyopita, mke wa Bwanaheri
aliteleza. Ndivyo tunavyosema: aliteleza.
Mtaa mzima unajua ngazi zile zina utelezi.
Hazina. Nimezipanda na ndoo ya maji kichwani,
miguu mitupu.

Bwanaheri alikuwepo, pembeni, karibu na jagi.
Hakutoa maoni. Aliwapisha wote watoke,
akasaidia kukunja mkeka,
akanikuta nikitafuta kiatu changu cha pili.
"Nilikaa Doha miaka saba," akaniambia,
"chumba kimoja na vijana wanne wa Kerala.
Wapishi hodari. Na usiku walikuwa hawalali,
kutwa kucha maneno."
Akakiokota kiatu, akakiweka mbele ya mguu wangu,
akakigeuza kielekee mlangoni.
"Umesoma vizuri, mwalimu."

Ndani, Bi Somoe alikuwa hajamaliza.
"Vitatu, nawaambieni," tulimsikia. "Vitatu.
Haya, nijibuni. Cha tatu ni cha nani?"